Kompyuta ya ofisi iliyogeuzwa kuwa ya gemu: dalili za matatizo na namna ya kuyatatua

Wapenzi wengi wa gemu wenye bajeti ndogo, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi, huanzia mahali pamoja: hununua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini, aghalabu Dell OptiPlex au HP EliteDesk yenye prosesa ya Core i5, kisha huiongezea kadi ya grafiki, RAM (kumbukumbu ya muda) na SSD (diski ya kasi isiyozunguka). Ni uamuzi wa busara, kwa sababu mashine hizo ni imara na bei yake ni nafuu. Hata hivyo, zilitengenezwa kwa ajili ya hati na barua pepe, na pawa saplai yake (boksi linalogawa umeme ndani ya mashine), nafasi yake ya ndani na mipangilio yake vyote vilipimwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana malalamiko ya wanaoziboresha hufanana sana, na mengi hayatokani na kifaa kibovu bali na umeme usiotosha au kifaa kisichoafikiana na mashine. Mtu asiyelijua hilo hununua RAM ya pili na kadi ya pili kabla ya kugundua kwamba tatizo lilikuwa waya.

Kabla ya kufungua kasha, zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki umalizike. Gusa sehemu ya chuma ya kasha kabla ya kushika kifaa chochote cha ndani. Badilisha kitu kimoja tu, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua ni kipi kilichoponya na ni kipi kilichoharibu. Jambo moja halina majadiliano: boksi la pawa saplai lisifunguliwe, kwa kuwa kapasita zake huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Kasha linapiga shoti unapoligusa

Dalili hii naitanguliza kwa sababu inahusu uhai wa mtu, na kwa sababu watu wengi wameizoea kana kwamba ni kawaida. Mtumiaji huhisi mtekenyo anapogusa chuma kisichopakwa rangi nyuma ya kasha, hasa akiwa peku juu ya sakafu ya saruji.

Kisababishi kikubwa ni kukosekana kwa ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Mashine nyingi zinazoletwa kutoka Ulaya huja na waya wenye plagi ya pini mbili za mviringo, ambayo ethi yake iko ubavuni mwa plagi. Plagi hiyo ikichomekwa kwenye soketi zetu za matundu matatu kwa adapta ya bei rahisi, au kwa kulitanua tundu la juu kwa kalamu, ethi inapotea kabisa. Hapo kapasita za kuchuja umeme zilizo ndani ya pawa saplai hupitisha mkondo mdogo hadi kwenye kasha, na mkondo huo, ukikosa njia ya kwenda ardhini, hupitia kwa anayeligusa.

Anza kwa kununua waya wa kompyuta wenye plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani. Mtekenyo ukibaki, jaribu soketi ya chumba kingine, kisha jaribu bila ekstensheni, kwani ekstensheni nyingi za bei ya chini zina tundu la ethi lisilounganishwa na waya wowote. Ukibaki hata hapo, simama. Ama nyumba haina ethi inayofanya kazi, ama pawa saplai imeharibika, na kazi ya kupima ni ya fundi umeme mwenye leseni. Usifunge waya kutoka kwenye kasha hadi bomba la maji au nondo za dirisha.

Mashine haiwaki kabisa

Kagua kwanza njia ya umeme: soketi, ekstensheni, waya, na swichi iliyo nyuma ya pawa saplai ikiwa ipo. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Katika nchi zetu ni lazima isomeke 230. Ikiwa imewekwa 115 na mashine ikawashwa, pawa saplai huharibika papo hapo, mara nyingi kwa mlio na moshi.

Ikiwa mashine ilikuwa ikiwaka kabla hujaongeza kitu, karibu kila mara ni kiunganishi kilicholegea. Tazama kile cha pini nne kinacholisha prosesa, ambacho hujificha karibu na feni, pamoja na waya mwembamba unaotoka kwenye kitufe cha mbele. Katika OptiPlex nyingi kuna kitufe kidogo na taa nyuma ya pawa saplai. Ukikibonyeza huku waya wa umeme umechomekwa na taa isiwake, pawa saplai au umeme unaoifikia ndio wa kushukiwa.

Katika kubadilisha pawa saplai yenyewe, tahadhari inahitajika. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 yenye kasha la mnara hutumia kiunganishi cha kawaida cha pini 24, lakini 7020 na 9020 hutumia cha pini nane cha Dell wenyewe, na EliteDesk 800 G1 hutumia cha pini sita. Adapta zake zipo, ila ni lazima ziwe za modeli hiyo hiyo. Ile mbinu ya kuunganisha pini mbili kwa kipande cha waya ili kuijaribu pawa saplai isitumike kwenye mashine hizi, kwa sababu mpangilio wa pini zake si ule unaooneshwa kwenye michoro ya kawaida. Ukinusa harufu ya kuungua au ukiona kapasita iliyovimba kwenye ubao mama (ubao mkuu unaopachikwa vifaa vyote), usiiwashe tena, mpelekee fundi.

Feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi

Hili ndilo lalamiko linalojitokeza zaidi mara tu kadi ya grafiki inapopachikwa, na ndilo linalowapotezea watu fedha nyingi zaidi.

Kisababishi cha kwanza ni rahisi kiasi cha kudharauliwa: waya wa monita bado umechomekwa kwenye tundu la ubao mama. Mashine hizi zikiona kadi mpya, nyingi huzima tundu la zamani. Hamishia waya kwenye kadi yenyewe, chini zaidi nyuma ya kasha.

Cha pili ni kigeuzi cha VGA, tundu la picha la mtindo wa zamani. Monita nyingi zilizotumika zina VGA pekee, ilhali kadi za NVIDIA tangu mfululizo wa GTX 10 hazitoi tena mawimbi ya aina hiyo. Kigeuzi kinachobadilisha umbo la plagi tu hakitaleta picha. Kinahitajika chenye saketi ndani yake, kinachogeuza HDMI au DisplayPort kuwa VGA. Ikiwezekana azima monita au televisheni yenye HDMI uitumie kujaribia kabla ya kununua kigeuzi.

Kisha kagua kadi yenyewe. Ichomoe, irudishe kwa kuisukuma sawasawa hadi klipu ya mwisho wa nafasi ilie, na ikaze kwa skrubu. Kama ina tundu la umeme la pini sita au nane, ni lazima lijazwe; nafasi ya ubao mama hutoa wati 75 tu, na kadi inayotaka zaidi ya hapo haitafanya kazi bila waya wake. GTX 1050 Ti na GTX 1650 za kawaida hutosheka na wati hizo 75, ingawa baadhi ya watengenezaji walitoa 1650 zenye tundu la pini sita, kwa hiyo itazame kadi iliyo mkononi mwako na usitegemee jina lake pekee.

Ikiwa bado, toa kadi kabisa na uunganishe monita kwenye ubao mama. Picha ikirudi, mashine ni nzima na tatizo liko kati ya kadi na BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine. Picha isiporudi, elekea kwenye RAM. Toa vipande vyote, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa unga wake kwa kitambaa kikavu, kisha rudisha kipande kimoja tu katika nafasi ya kwanza na ujaribu. Rudia kwa kila kipande. Mara nyingi utando ulioota kwenye meno hayo, hasa kwa mashine zilizokaa miji ya pwani yenye unyevu na chumvi, ndio uliozuia kila kitu. Angalia pia kibandiko cha RAM uliyonunua: RAM za seva huuzwa kwa bei ya chini sana na huingia vizuri kwenye nafasi, lakini mashine hizi hazizikubali. Herufi R baada ya namba ya kasi, kama katika PC3L-12800R, ndiyo alama yake.

Picha ikiwa inarudi bila kadi, ingia kwenye BIOS na uangalie toleo lake. OptiPlex za zamani zenye BIOS ya awali zimekuwa zikikataa baadhi ya kadi mpya hadi BIOS iboreshwe kwa faili lililopakuliwa kutoka tovuti ya Dell yenyewe. Fanya kazi hii ukiwa na UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika) iliyochajiwa, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya zoezi, ubao mama unaweza usiwake tena, na kuufufua kunahitaji fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu. Kama huna UPS na eneo lako lina mgao, subiri.

Baada ya yote hayo, jaribu kadi kwenye mashine ya rafiki. Kadi isiyoonesha picha kwenye mashine mbili ni mbovu, na hapo ndipo risiti na siku za kurudishiwa ulizokubaliana na muuzaji zinapofaa. Kadi kama RX 580 zilizochimba sarafu za kidijitali kwa miaka ziko nyingi sokoni. Si zote mbaya, lakini yeyote anayeuza bila kukuruhusu kuiona ikiendesha gemu usinunue kwake.

Inazima au kujiwasha upya gemu inapopamba moto

Mashine inayofanya kazi zote za kawaida vizuri, kisha inakata ghafla ndani ya gemu bila ujumbe wowote, ina shida ya umeme au ya joto. Namna ya kuzitofautisha ni muda: ikikata ndani ya sekunde chache baada ya gemu kufunguka, shuku umeme, ikikata baada ya dakika kumi au ishirini, shuku joto.

Kuhusu umeme, soma kibandiko cha pawa saplai, na usome mstari sahihi. Namba kubwa iliyochapwa mbele haina maana nyingi. Tafuta safu iliyoandikwa +12V, chukua idadi ya ampea na uzidishe kwa 12. Pawa saplai ya mtaani iliyoandikwa wati 500 lakini yenye ampea 16 katika safu hiyo hutoa wati 192 tu kwa prosesa na kadi. Kwa upande mwingine, pawa saplai ya OptiPlex 9020 ya mnara imeandikwa wati 290, na inaendesha Core i5-4590 ya wati 84 pamoja na GTX 1050 Ti ya wati 75 bila taabu. Haitaweza RX 580, ambayo peke yake hula wati 185 na inahitaji kiunganishi cha pini nane ambacho mashine hiyo haina.

Hapa ndipo watu hununua adapta ya kugeuza waya wa diski kuwa pini sita au nane. Naomba usifanye hivyo. Kiunganishi cha SATA, yaani hicho cha diski, kimekusudiwa kubeba takribani wati 54 katika volti 12, ilhali pini sita zinaruhusiwa kudai 75 na pini nane 150. Zaidi ya hapo, katika nyingi ya mashine hizi waya wa diski hautoki kwenye pawa saplai bali kwenye ubao mama, kwa hiyo mzigo wote hupita katika njia nyembamba za shaba za ubao huo. Plastiki huanza kuwa ya kahawia, kisha kuyeyuka, na huweza kuwaka moto. Ukikuta kiunganishi kimebadilika rangi, acha kutumia mashine hadi fundi aikague.

Kuhusu joto, sakinisha HWiNFO, programu ya kusoma joto la vifaa, fungua gemu, na utazame nyuzi. Prosesa za Intel hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Kabla ya kununua feni yoyote, ondoa kifuniko cha feni ya prosesa: kati ya feni na mapezi ya kipoza joto mara nyingi kuna tabaka la vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, lisiloonekana kwa nje. Lipulize kwa blowa huku ukizuia feni isizunguke. Kisha ondoa kipoza joto, futa grisi ya zamani iliyokauka, na uweke mpya kiasi cha punje ya dengu. Ukiamua kubadilisha feni ya Dell, fahamu kwamba nyingi zina kiunganishi chao cha pini tano, na ukiweka ya kawaida mashine italalamika kila inapowashwa kwamba feni haipo.

Wapo pia wanaoona mashine inazima umeme wa TANESCO au KPLC unapokatika ingawa UPS ipo. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba chini ya wati 400, na betri iliyozeeka hubeba pungufu zaidi. Chomeka mashine na monita pekee, toa spika na vingine. Ikiendelea, pima betri kwanza. Baadhi ya pawa saplai pia hazipatani na mawimbi ya UPS za bei ya chini.

Gemu inagandaganda

Kisababishi kikuu ni RAM ya kipande kimoja. Prosesa hizi husoma RAM kupitia chaneli mbili, na kipande kimoja cha GB 8 huiacha moja ikiwa wazi. Vipande viwili vya GB 4 huendesha gemu vizuri zaidi ya kimoja cha GB 8, na viwili vya GB 8 ndicho kiwango ambacho ningemshauri kila mtu akifikie kabla hajafikiria kubadilisha kadi.

Kinachofuata ni mipangilio iliyozidi kumbukumbu ya kadi. Kadi ya GB 4 ikiwekewa ubora wa juu kabisa wa maumbo (textures), gemu hukwama kila unapogeuka upande mpya. Shusha ubora huo kwanza, na uache mingine kama ilivyo. Gemu ikiwa kwenye diski ya kuzunguka, ihamishie kwenye SSD.

Nafasi ya kadi nayo hukaguliwa kwa nadra. Mashine hizi huwa na nafasi mbili ndefu zinazofanana kwa umbo, lakini moja ina njia 16 za kupitishia data na nyingine 4 tu, na katika baadhi ya makasha madogo kadi nene haienei kwenye ile ya njia 16 kwa sababu pawa saplai imeiziba. Programu ya GPU-Z itakuonesha idadi ya njia zinazotumika. Programu hiyo hiyo hufichua kadi bandia: zipo kadi za zamani zilizoandikwa upya ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na GPU-Z huziwekea alama ya kughushi mbele ya jina. Nazo kadi za Intel Arc, zinazovutia kwa bei, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwenye mashine isiyo na uwezo wa Resizable BAR, unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mpigo. Intel wenyewe hushauri prosesa za kizazi cha kumi au zaidi, ilhali Core i5-4590 iliyotajwa juu ni ya kizazi cha nne.

Skrini ya bluu

Ikianza baada ya kuongeza RAM, toa ile mpya na ujaribu. Ikipona, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha kwa kipande kipya peke yake. Kosa hata moja linatosha kukirudisha dukani. Ikianza baada ya kubadilisha kadi, futa draiva za zamani (programu zinazoiendesha kadi) kwa DDU, programu ya kazi hiyo, ukiwa katika hali salama (Safe Mode) ya Windows, kisha weka draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji. Kama hakuna kilichobadilishwa, soma afya ya diski kwa CrystalDiskInfo. Ikionesha rangi ya njano au nyekundu, nakili picha na kazi zako siku hiyo hiyo. Data yako ikiwa ndani ya diski isiyosomeka tena, usiendelee kuiwasha, kwani kila jaribio hupunguza nafasi ya mtaalamu wa kuokoa data kuipata.

SSD mpya haionekani

Ikiwa ni ya SATA, badilisha waya na tundu. Ikiwa ni ya M.2 (kijiti bapa kisicho na waya), hakikisha aina yake: zipo za SATA na zipo za NVMe zenye kasi zaidi, na nafasi moja haikubali lazima zote mbili. Mashine za kizazi cha nne na nyuma yake kwa kawaida haziwezi kuanzisha Windows kutoka NVMe hata ukiipachika kwa kadi ya adapta. Kwa hizo, SATA ya inchi 2.5 ndiyo chaguo sahihi. Diski ikionekana kwenye BIOS lakini si kwenye Windows, ifungue katika sehemu ya kusimamia diski na uiandae kwa matumizi.

Gemu inakataa kufunguka licha ya vifaa kutosha

Baadhi ya gemu mpya hudai maelekezo ya ndani ya prosesa yaitwayo AVX2, ambayo Intel waliyaleta kwa Core za kizazi cha nne mwaka 2013; kizazi cha tatu hakina, na hakuna draiva itakayoyaleta. Nyingine, kama Valorant kwenye Windows 11, hudai TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya mashine) na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) viwe vimewashwa. Windows 11 yenyewe inatambua rasmi Core za kizazi cha nane kuendelea, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla ya kuwasha Secure Boot, hakikisha Windows imewekwa kwa mfumo wa UEFI, mrithi wa BIOS ya zamani, la sivyo mashine haitaanza hadi urudishe mpangilio wa awali. Anayenunua leo kwa ajili ya gemu hizo, naona ni afadhali aongeze kidogo apate kizazi cha nane kuliko kuhangaika na cha tatu.

Unapoipeleka kwa fundi

Andika kwenye karatasi dalili ilivyo, ilianza lini, ulichobadilisha na kilichotokea baada ya kila jaribio. Toa SSD yenye mambo yako binafsi ikiwa tatizo halihusu diski. Piga picha namba za RAM, kadi na prosesa iliyooneshwa kwenye BIOS kabla ya kuondoka nyumbani, kubaliana bei ya kupima kando na bei ya kutengeneza, na uombe urudishiwe kila kifaa kitakachotolewa.